Nilivyoingia kwenye laptop ya baba mkwe kwa remote, akatoka chumbani kunipisha

Wakuu, poleni na majukumu. Walioko Mbeya poleni na baridi pia, maana wiki hii sio mchezo.

Nianze kwa kuwatoa wasiwasi. Najua humu ukileta story yenye mambo mengi watu wanaanza kuulizia sukari, eti umetunga, ni chai tu. Mimi ni mtu wa Iringa, chai tunayo Mufindi ya kutosha, sina sababu ya kuwapikia nyingine. Mambo yalitokea hivihivi nitakavyoeleza. Nimeficha vitu viwili vitatu tu ili wifi zangu wasinitambue.

Uzi una Java, una ng'ombe na una baba mkwe. Watu wa tech msikimbie mkiona ng'ombe, na watu wa mambo ya ndoa msikimbie mkiona Java. Vumilieni, vyote vitakutana.

Historia kidogo.

Mimi ni Mhehe, kwetu ni Kalenga. Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza kompyuta za watu. Nimeolewa na Mnyakyusa, tunaishi Mbeya mjini, na wakwe zangu wako Uyole, wana nyumba yao na banda la ng'ombe nyuma.

Sasa kwetu Uhehe heshima ya ukweni ipo, na ni kubwa. Lakini baba mkwe unamsalimia, unampelekea maji ya kunawa, maisha yanaendelea.

Kwa mume wangu nilikuta habari nyingine. Mzee wao anashika mila ya zamani kwamba mke wa mwanawe na yeye hawaonani. Hamkutani uso kwa uso, hamsemezani, hamtajani majina. Hata hapa jina lake sitaliandika, na sio kwa sababu ya privacy.

Najua kuna Wanyakyusa humu watasema mbona sisi tumeshaacha zamani. Ndiyo, wengi mmeacha. Nendeni mkamwambie yeye.

Kwenye harusi yetu mzee alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa. Yaani picha zote za harusi baba wa bwana harusi anaonekana bega moja na kiatu.

Nikienda Uyole, akitaka kupita uani anaanza kukohoa kikohozi cha kutengeneza kuanzia mbali, mimi naingia jikoni, yeye anapita. Nikitaka kupita mimi, mama mkwe anakohoa kwa niaba yangu. Mgeni akija pale anadhani nyumba nzima ina kifua.

Mwanzoni nilinuna sana. Niliona kama sitakiwi. Nilikuwa namwambia mume wangu huyu baba yako anatakiwa kuupdatiwa, dunia imeshahama. Mume wangu ananijibu we mzoee tu. Nikawa namzoea huku nimenuna.

Aliyenisaidia kumwelewa ni Neema.

Neema ni ng'ombe.

Nilipoolewa baba yangu alinipa mtamba wa maziwa niende naye ukweni, nisiingie mikono mitupu. Sisi mjini tumepanga, hatuna pa kuweka ng'ombe, kwa hiyo Neema akapelekwa kwenye banda la mzee Uyole. Mzee akampenda kupita maelezo.

Na hapo ndipo mzee akapata njia. Akiwa na jambo la kuniambia, haniambii mimi. Anasimama bandani, mimi nikiwa jikoni, dirisha liko wazi, anamwambia Neema. Kwa sauti ya kutosha.

"Neema, mboga ya jana ilizidi chumvi." Mimi jikoni napunguza chumvi.

"Neema, mtu akisafiri gari la usiku ajue watu huku hawalali." Basi nabadilisha tiketi.

Kuna kipindi niliugua malaria nikiwa palepale kwao. Asubuhi nikamsikia anamwambia ng'ombe amalize dozi yote, asiache katikati kwa sababu ameanza kujisikia nafuu. Wakuu, nililia chumbani kwangu. Huyu mtu hajawahi kuniangalia usoni na alikuwa anahesabu vidonge vyangu kupitia ng'ombe.

Kwa hiyo mjue tangu mapema, Neema hakuwa ng'ombe tu. Ndiye aliyekuwa waya kati yangu na mzee.

Tatizo la Neema ni kwamba alizaa mara moja, halafu akagoma kushika mimba. Amepandishwa, hola. Amepandishwa tena, hola. Mzee anampenda, lakini mzee ni mfugaji, na mfugaji hafugi picha. Akasema safari hii akikosa, anaenda mnadani Mbalizi. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia kwamba mzee alimwambia Neema hayo kwa sauti ya chini, sio ile ya kunisikilizisha mimi.

Niliogopa kweli. Neema akiuzwa, mzee akitaka kuongea na mimi ataongea na nani?

Sasa tuje kwenye Java.

Mzee ni mwalimu mstaafu na ni katibu wa kikundi cha wafugaji wa maziwa pale mtaani kwao. Kikundi kina programu ya kutunza koo za ng'ombe. Kila ng'ombe ana namba, baba yake nani, mama yake nani, bibi yake nani. Maana zamani watu walikuwa wanapandisha ng'ombe bila kujua, unakuta dume ndiye babu, ndama anazaliwa dhaifu. Kikundi kikaweka sheria kwamba mhimilishaji, yule mtaalamu anayezunguka na mtungi wa mbegu za madume, hatoi mbegu mpaka programu imesema dume huyu na ng'ombe huyu sio ndugu.

Programu yenyewe ni ya desktop, lakini haikai kwenye kompyuta. Unafungua browser, unaingia ukurasa wa kikundi, unabonyeza pa kufungulia. Kinashuka kifaili kidogo. Kifaili hicho ndicho kinaiambia launcher, ile inayoamsha programu za aina hii, kwamba kachukue programu fulani pale mtandaoni, halafu iendeshe kwa Java ya version fulani. Na ili watu wasichezee koo za ng'ombe, inafunguka kwenye laptop ya katibu peke yake.

Kwa wasiojua, Java hapo ni jiko, programu ni chungu. Chungu kinaletwa, lakini jiko unatakiwa uwe nalo wewe.

Siku ya tukio mimi nilikuwa Kalenga, nimeenda kuwasalimia wazazi. Asubuhi naanika mahindi uani, simu ikaita. Mama mkwe.

Akaniambia Neema yuko kwenye joto tangu alfajiri, analia na kupanda wenzake. Mhimilishaji ameshapigiwa, yuko njiani, na akitoka pale anaelekea Mbalizi hawezi kurudi leo. Na kile kitu cha baba yako hakifunguki.

Wafugaji mnajua, joto la ng'ombe halikusubiri umalize shughuli zako. Likipita limepita, na mzee alishasema safari hii ndiyo ya mwisho.

Nikakimbilia laptop. Nyumbani network inakaa sehemu moja tu, pembeni ya zizi la mbuzi wa baba. Nikakaa pale kwenye ndoo niliyoipindua, laptop mapajani, simu imewashwa loudspeaker na mama mkwe upande wa pili, mbuzi mmoja dume ananichungulia begani kama msimamizi wa mtihani.

Kwenye laptop ya mzee kulikuwa na app ya remote, mume wangu aliiweka zamani ili tusaidie mambo madogo madogo. Mimi sikuwahi kuitumia, alikuwa anaitumia yeye. Siku hiyo mume wangu yuko site huko bonde la Usangu, sehemu ambayo network unaitafuta juu ya kichuguu.

Nikaingia. Screen ya mzee ikatokea mbele yangu. Nikasogeza mouse.

Nikasikia kwenye simu kiti kinaburuzwa, halafu nyayo, halafu mlango. Halafu mama mkwe anacheka mpaka anakosa pumzi.

Namuuliza mama kuna nini, ananiambia baba yako ametoka.

"Ametoka kwenda wapi tena, mama, si namhitaji?"

"Anasema umeingia."

Nikamwambia mama, mimi niko Kalenga. Kati yangu na baba kuna Makambako, kuna Igawa, kuna lile bonde lote. Mama akasema najua, nimemwambia hivyohivyo. Anasema mkono wako uko mezani kwake, anauona unatembea, kwa hiyo na wewe upo.

Wakuu, mzee ameona mshale wa mouse unajisogeza wenyewe, amejua huyo ni mke wa mwanangu, na kwa heshima zake zote amesimama akanipisha chumba.

Basi nikaendelea peke yangu. Nikabonyeza pa kufungulia programu. Logo ya ng'ombe ikatokea, ikakaa kidogo, ikapotea. Nikarudia. Ikatokea, ikapotea. Nikaenda kuangalia Java zilizopo kwenye mashine, nikakuta moja tu, mpya kabisa, namba kubwa kubwa. Ile ya zamani, ya 1.8, haipo.

Programu ya kikundi iliandikwa enzi za 1.8. Kuna vitu inavitegemea ambavyo Java mpya zilishaviondoa. Ukiipa mpya inaamka, inapapasa ilichozoea, inakosa, inalala.

Nikamtumia mume wangu ujumbe kumuuliza nani kagusa Java ya baba. Nadhani ulimkuta kichuguuni, maana alijibu haraka. Alisema wikiendi alitumia laptop ya mzee kuchora ramani ya nyumba ya mteja, programu yake ikadai Java mpya, akaiweka. Ile ya zamani akaifuta. Kwa nini uwe nazo mbili, inajaza nafasi tu.

Nilichomwandikia nilikifuta, na ninyi pia sitawaandikia.

Nikashusha ile ya zamani, nikaanza kuinstall. Na hapa ndipo moto ulipowaka.

Ukiinstall kitu kwenye mashine ile, Windows inaleta dirisha la kuomba password ya mwenye mashine. Likija, mimi niliye mbali screen yangu inakuwa nyeusi tii, sioni wala siwezi kugusa. Lazima mtu aliyekaa pale aandike. Password anaijua mzee peke yake, na mzee wa watu hamwambii mtu password yake, hata mkewe. Na mzee yuko bandani na Neema kwa sababu mimi niko chumbani.

Nikamwomba mama amwite. Mama akaenda, mzee akasema siwezi kuingia, mgeni bado yumo. Nikasema sawa, natoka. Nikajitoa kwenye remote. Mama akaenda kumwambia ametoka. Mzee akaja, akakohoa mlangoni kwa tahadhari, akaingia, akakaa. Dirisha la password limeshajifunga, maana nalo halisubiri watu wenye mila.

Nikaingia tena kulifungua. Kiti, nyayo, mlango.

Wakuu, tulifanya hivyo mara kadhaa. Mimi naingia, yeye anatoka. Yeye anaingia, mimi nimetoka. Mama mkwe yuko katikati na kandambili zake, anakimbia chumbani bandani, bandani chumbani, mwisho akasema nyie wawili mtaniua, mimi nina presha.

Katikati ya hayo nikasikia pikipiki. Mhimilishaji ameingia. Akakaribishwa chai. Nikamwambia mama kikombe chake kisiishe, amjazie kila kikipungua. Lakini mtu hawezi kunywa chai mpaka jioni kwa ajili ya Java yenu. Nikaanza kumwona Neema kabisa kwenye lori linaloelekea Mbalizi.

Ikabidi niseme kilichokuwa moyoni. Nikamwambia mama, mwambie baba mimi simuoni. Screen yangu ni nyeusi hata akikaa. Naomba akae mara moja tu, kwa ajili ya Neema, halafu mila iendelee kesho.

Mama akasema subiri.

Nikasikia kabati linafunguliwa. Mama alitoa kitenge, tena kile nilichomletea mimi kutoka soko kuu Iringa, akaifunika laptop. Screen yote, kama bibi harusi. Akaacha keyboard tu imechungulia kwa chini.

Kumbe huo ndio utaratibu wao tangu zamani. Ikitokea mkwe lazima apite na mzee yupo, anajifunika nguo. Mama mkwe akaona nimeshindwa kujifunika mwenyewe, akanifunika yeye. Akamwita mzee akamwambia amejifunika, njoo.

Mzee akaja. Akakaa. Hakutoka.

Nikafungua installer, screen yangu ikawa nyeusi. Nasikia vitufe vinabonyezwa taratibu, kimoja kimoja, kiualimu. Halafu screen yangu ikarudi na kuniambia imekataliwa. Password sio. Mama akamfikishia, tukarudia. Sio tena, akamfikishia.

Halafu mama akakimbilia kumjazia mhimilishaji chai. Simu imebaki mezani kwa mzee, loudspeaker. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, tukawa wawili tu kwenye mstari mmoja, na hakuna wa kukohoa.

Nasikia pumzi zake. Naye bila shaka anasikia mbuzi wa kwetu.

Halafu akageukia dirishani, sauti ikasogea mbali kidogo na simu.

"Neema," akasema, "password ni ileile ya siku zote. Sasa mbona mashine inaikataa?"

Mimi nitamjibuje? Kumsemesha siwezi, mama hayupo, chai ya mhimilishaji inaisha. Nikageuka, nikamtazama yule mbuzi dume aliyekuwa begani kwangu.

"Mbuzi," nikasema kwa sauti, "huenda kile kitufe cha herufi kubwa kimebonyezwa. Kiko kushoto, juu ya Shift, kina kitaa."

Nikasikia kitenge kinasogezwa upande wa kushoto. Kitufe kikabonyezwa. Halafu ile typing ya kiualimu ikaanza upya.

Screen yangu ikarudi. Installer inatembea.

"Neema," mzee akasema, "mshukuru huyo mbuzi."

Nilicheka mpaka mama yangu mzazi akatoka nje kuniangalia kama niko sawa.

Java ya zamani ikaingia. Nikabonyeza programu kwa mbwembwe. Logo ikatokea, ikapotea.

Hapo ndipo wakuu wa tech mnisikilize vizuri, maana kosa hili linawala wengi. Java sahihi ilikuwepo sasa, lakini launcher bado ilichukua ile mpya. Kwa nini? Nikafungua kile kifaili kidogo nikakisoma. Kuna mstari unaosema programu inataka Java 1.8, na mbele ya hiyo namba aliyetengeneza ameweka alama ya kujumlisha. Maana yake ni 1.8 au yoyote mpya kuliko hiyo. Enzi zile haikuwa na shida, maana mpya zaidi haikuwepo. Alikuwa anajiandalia kesho. Kesho imefika, launcher imeona majiko mawili, ikaambiwa lolote jipya ni sawa, ikabeba jipya kuliko yote.

Nikaingia kwenye settings za launcher, nikaibana. Familia ya 1.8 tu, basi. Sikufuta Java mpya, maana nayo ina mwenyewe kule Usangu. Nikaziacha zote mbili, kila programu ichukue yake.

Nikabonyeza tena. Logo ikatokea. Ikakaa. Ikafungua ukurasa mzima, inadai jina na password ya katibu.

Mama alikuwa amesharudi. Nikamwambia mama, mwambie baba imefunguka, mimi natoka ili aondoe kitenge aendelee. Maana hapo lazima asome screen, hawezi kusoma kitenge.

Kabla mama hajafungua mdomo, nikasikia sauti ikielekea dirishani.

"Neema, mwambie akae. Ikilala tena nani ataiamsha?"

Nikafikiri nifanye nini ili nikae bila kukaa. Nikauchukua mshale wa mouse, nikaupeleka pembeni kabisa, chini kulia, pale penye saa, nikauacha umetulia. Nikaweka mikono mapajani. Kwetu ukimpelekea mkubwa chakula unapiga goti pembeni ya mlango unasubiri. Niliona ile ndiyo pembe ya mlango.

Kitenge kikaondolewa. Mzee hakugusa mouse hata kidogo, kwa sababu kwake ile mouse ni mimi. Alitembea na vitufe vya mishale tu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mimi kule Kalenga naona mistari inajipaka rangi mmoja mmoja, anashuka, anapanda, anatafuta namba ya Neema.

Akampata. Akachagua dume aliyekuwa amempanga kwa siku hiyo, dume mwenye sifa. Programu ikaleta maandishi mekundu, imekataa. Dume yule ndiye baba yake Neema. Mbegu zake zilifika mpaka Iringa huko, ndizo zilizomzaa kwetu Kalenga, na ilikuwa imeandikwa humo tangu alipoletwa, ila hakuna aliyekuwa anakumbuka.

Mzee akasoma taratibu kwa sauti. Halafu akacheka kidogo puani.

"Umeona, Neema," akasema. "Hata mashine inajua nani hatakiwi kukutana na nani."

Jamani huyu mzee. Yaani katikati ya presha yote ile alipata nafasi ya kunichomekea.

Akachagua dume mwingine. Kijani. Mhimilishaji akaweka kikombe chini, akaenda bandani akafanya kazi yake, akawasha pikipiki akaondoka na chai yote ile tumboni. Mimi nikatoka kwenye remote polepole kama mtu anayefunga mlango wa mgonjwa.

Baadaye nilimwandikia kijana aliyetengeneza programu, akabadilisha ule mstari kule kwenye chanzo. Alitoa alama ya kujumlisha akaweka nyota, ambayo maana yake ni 1.8 yoyote lakini usivuke familia hiyo. Alikuwa mwungwana, alishukuru.

Somo nililopata.

La kwanza ni la kazi. Kama programu yako inafunguliwa kupitia mtandao na inategemea Java au kitu chochote cha namna hiyo, sema wazi unataka version gani. Usiandike hii au mpya zaidi halafu ukalala, maana hiyo mpya zaidi hujaijaribu, haijazaliwa hata. Na wewe unayeweka mpya kwenye mashine ya mtu, usifute ya zamani kabla hujauliza nani anaitegemea. Zinakaa pamoja vizuri tu. Mume wangu, najua humu unasoma kimyakimya, hili ni lako.

La pili nalisema kwa ufupi kwa sababu linanigusa. Nilitumia muda mrefu kutaka mzee awe version nyingine. Siku ile nilimkuta anafanya kazi vizuri kabisa kwenye ya kwake, mimi ndiye nilikuwa sijajua namna ya kumfungua.

Sasa nambieni, nani mwingine humu mila za ukweni zimemkutanisha na teknolojia? Simu ya video mnafanyaje? Mkwe akikupigia kwa bahati mbaya unakata au unampa mtoto? Na watu wa Java, kama kuna njia nzuri kuliko niliyotumia iwekeni, nitasoma zote. Wanaotaka kunifundisha kuhusu mila za Wanyakyusa wa Rungwe pia karibuni, ila mje na adabu.

Nilisahau Neema. Alishika. Akazaa ndama jike, mzuri, mwenye doa jeupe usoni. Mbalizi tukaisahau.

Mzee mwenyewe ndiye aliyempa ndama jina. Amempa jina langu. Lile la ubatizo, kamili, ambalo kwa mila yake hatakiwi kulitamka maisha yake yote. Kuna watakaosema kuitwa jina moja na ng'ombe ni dharau. Hao hawamjui mzee wa Kinyakyusa na ng'ombe wake.

Uzi huu nauandikia jikoni Uyole. Muda mfupi uliopita kilisikika kikohozi uani, nikarudi nyuma ya mlango kama kawaida. Hakupita. Alisimama pale bandani, akaita jina langu, akauliza, "Umekula?"

Ndama hakujibu.

Nikaliangalia birika lililokuwa jikoni. Nikasema, nikamalizia na asante ya Kinyakyusa, "Birika, mwambie nimekula. Mwambie ndaga, baba."

Huko nje nikamsikia anacheka. Sio kile cha puani. Kicheko kizima, cha mtu aliye nyumbani kwake na watu wake.